Bwana Harusi wa Programu Huria

Mmeniuliza kwenye kundi, tena kwa herufi kubwa, kama ni kweli nimeoa Mbulu bila kuwaalika. Wengine mmeniletea na picha: nimekaa juu ya gunia, nalia, pembeni yangu kuna ng'ombe. Sijaoa. Lakini nikijibu hivyo peke yake hamtaridhika, kwa hiyo nawaandikia safari nzima, kisha mniache nipumzike.

Mnajua ninajitolea kwenye programu huria, zile programu za kompyuta zisizo na mwenyewe, ambazo kila mtu anaruhusiwa kuzitumia na kuzitengeneza. Watu wa mahali fulani wakitaka kufanya mkutano wao wa programu hizi, wanaomba idhini kwa kamati. Kamati ni watu wa kujitolea waliotawanyika duniani, mmoja akiwa anakunywa chai ya asubuhi mwingine ameshavaa nguo za kulala. Kabla hawajawahoji waombaji kwa video, mtu kama mimi huenda kuwasaidia wajiandae. Mimi nilipewa Maretadu.

Maretadu walikuwa wamekataliwa mara mbili, na mara zote kwa sababu ileile: hakuna ushahidi wa michango ya jamii. Sasa, kwetu sisi mchango si hela. Mchango ni kazi. Unatafsiri maneno ya programu, unasahihisha kosa, unaandika maelezo ya kumsaidia mwingine. Wafasiri wa Kiswahili tulibishana sana kuhusu neno hilo, mpaka watu wawili wakanuniana, tukapiga kura na "kuchangia" likashinda. Niliona limekaa vizuri kabisa.

Arusha hadi Dareda

Basi lilikwenda vizuri mpaka Dareda, chini ya mlima. Hapo tukaambiwa kuna lori limelala njiani huko juu, tusubiri. Dereva akazima gari, akatandika shuka chini ya mti, akalala usingizi wa mtu ambaye hana habari na lori.

Nikaenda kwenye kibanda cha chai. Mama mwenye kibanda aliniangalia, akaniangalia tena, akaweka birika chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe si yule wa kwenye tangazo? Nimekuona kwenye simu ya dada yangu wa Dongobesh. Hongera, baba!"

Nilifurahi, siwafichi. Miaka yote hii ya kujitolea hakuna mtu aliyewahi kunitambua kwenye kibanda cha chai.

"Asante, mama. Lakini bado hatujakubaliwa. Kamati inakaa Jumamosi."

"He! Bado hawajakubali?"

"Wamekataa mara mbili."

"Mara mbili! Na bado unarudi?"

"Nitafanyaje, mama? Nimeipenda kazi hii."

Akashika kifua. Aliniletea chapati nyingine juu ya ile niliyokuwa nayo, na nilipotoa hela akanisukuma mkono. "Mwanaume wa kung'ang'ania hivi siku hizi hakuna," akawaambia wateja wengine, nao wakatikisa vichwa kwa huzuni. Nikaondoka pale nikiamini kwamba watu wa Dareda wanaielewa programu huria kuliko watu wa Arusha.

Mbulu mjini hadi Maretadu

Baridi ya Mbulu inaingia mpaka kwenye meno. Stendi nilimkuta kijana wa bodaboda anaitwa Safari, amejifunga shuka juu ya koti, ametumwa na Mwalimu Paskalina kunichukua. Mwalimu Paskalina ndiye mwombaji mkuu wa Maretadu, mama wa makamo, anafundisha hesabu sekondari, na mwakani anastaafu.

Tulipita Dongobesh vumbi likitupaka unga. Safari alikuwa anaongea kwa kugeuza shingo kabisa, nami namwomba aangalie barabara.

"Umebahatika, kaka," akasema. "Mimi na mchumba wangu, Theodora, harusi tumeisogeza mara mbili. Michango ilikwama, kamati ikavunjika. Watu wamechoka kuchanga. Lakini jambo lako, loo! Wameitikia!"

"Wameitikia kweli?"

"Mama yangu mwenyewe ameshatenga madebe mawili."

Nikadhani ni msemo wa vijana wa huko, kwamba mtu amejiandaa sana. Nikacheka, nikajibu, "Mwambie atenge na la tatu!"

"Nitamwambia," akasema Safari, kwa heshima.

Mwalimu Paskalina alinipokea kwa makande na maziwa mgando, na maneno bila nukta. Kisha akanionyesha tangazo lililobandikwa kwenye mlango wa duka. Lilisema: SIKU YA KUCHANGIA, JUMAMOSI, UKUMBI WA KIJIJI, WOTE MNAKARIBISHWA, MGENI WETU KUTOKA ARUSHA ATAKUWEPO. Chini yake picha yangu. Aliitoa kwenye mtandao, ile niliyopigwa nikiwa msimamizi wa harusi ya mdogo wangu: suti nyeusi, ua kifuani, tabasamu la kulazimishwa na mpiga picha.

"Umependeza," akasema. Nikakubali kwamba nimependeza.

Mpango wake ulikuwa mzuri. Siku hiyo ya Jumamosi watu wake wangekaa ukumbini wakitafsiri, na kamati ingeona michango ya jamii kwa macho yake kupitia video. Kisha akashusha sauti, akanieleza jambo lenyewe.

Ukumbi ule zamani ulikuwa ghala la mahindi la kijiji. Alimwomba mwenyekiti wa kijiji, Mzee Tluway, miaka minne iliyopita, akapewa kwa majaribio. Ndani kuna kompyuta chakavu alizoziokota huku na kule, zimefunikwa vitenge, na wasichana na wakulima wa pale wamejifunza kwazo. Lakini ufunguo anao Mzee Tluway, umefungwa kwenye mkanda wake, na kila Mwalimu akitaka kuingia lazima aende kumwomba. Sasa mavuno yameanza, na Mzee Tluway ametamka mbele ya mkutano wa kijiji: kama hao wakubwa wa kompyuta wakikataa mara ya tatu, mahindi yanarudi ukumbini.

"Mimi nastaafu," akasema Mwalimu. "Likishakuwa ghala, mwanangu, hakuna atakayelifungua tena kwa ajili ya watoto hawa. Umenielewa?"

Nilimwelewa. Tulikwenda kuutazama ukumbi, na kwenye kona, nyuma ya kompyuta, tukakuta magunia sita ya mahindi.

Mwalimu Paskalina aliyahesabu kwa kidole. "Ameanza," akasema. "Hata Jumamosi haijafika, Tluway ameanza kujaza." Akaapa hatamsalimia tena. Mzee Tluway alipopita barabarani akiwa na ufunguo wake, akatuinulia kofia na kutabasamu, Mwalimu akageuka akautazama ukuta.

Maretadu hadi Katesh

Tatizo la pili lilikuwa mwandaaji wa pili. Kamati inataka wawe wawili, wa sehemu mbili, na wa pili ni Gidamis, kijana wa wafugaji wa Gehandu, upande wa Hanang. Simu yake ilikuwa haipatikani. Bila yeye mahojiano hayafanyiki. Mwalimu alisema atakuwa mnadani Katesh, maana kikundi chao hukutana hapo kila mnada, ndiyo siku pekee ambayo watu wa juu, Mbulu, na wa chini, Hanang, wako mahali pamoja.

Nikapata Noah, gari dogo la abiria, inayopita Haydom na Basotu. Tulikaa Haydom muda mrefu tukimsubiri abiria aliyelipia siti, na alipokuja alikuwa amebeba mlango. Mlango wa mbao, mpya, una kitasa. Dereva akauliza mwenye mlango atakaa wapi, mwenye mlango akasema yeye hasafiri, anasafiri mlango. Tangu hapo mpaka Katesh nilisafiri nimekumbatia mlango, na kila tuliposimama watu walikuja kunipigia hodi. Basotu nilimla samaki wangu juu yake. Samaki alikuwa mtamu sana, nimeshangaa kwamba hakuna mtu aliyewahi kuniambia habari za samaki wa Basotu.

Katesh mnada ulikuwa umechanganya. Mlima Hanang umevaa wingu, chini ng'ombe, mbuzi, shuka, fimbo, moshi wa nyama. Nikasimama juu ya jiwe nikaita, "Gidamis!" Wakageuka wanaume wengi. Wote walikuwa Gidamis, au ndugu zake.

"Namtafuta Gidamis wa kompyuta."

Hakuna anayemjua.

"Kijana. Ana tovuti."

"Aaa! Gidamis wa ng'ombe waliopotea!" akasema mzee mmoja. Maana tovuti yenyewe ndiyo hiyo: ukiokota ng'ombe asiye wako unaweka picha ya alama yake, mwenyewe anamwona. Nilikuwa nimesoma habari zake kwa Kiingereza kikubwa, sikujua kwamba kazi yake inaelezeka kwa maneno manne.

Nilimkuta anakula nyama. Simu yake ilidondoka kwenye birika la kunyweshea ng'ombe, ameizika kwenye unga wa mahindi ikauke. Alikubali kuja. "Ila tupite kwanza nyumbani Gehandu nimuage baba."

Gehandu, na kurudi

Baba yake Gidamis alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya zizi. Nilimwamkia, akaitikia, akauliza habari za Arusha, za mvua, za mifugo yangu. Nikasema sina mifugo. Alimtazama mwanawe, kisha akanitazama mimi kwa wasiwasi.

"Huna mifugo na unaoa?"

"Naoa, mzee?"

"Siyo wewe unayechangiwa? Huku kote tumesikia. Bibi harusi ni wa ukoo gani?"

Hapo ndipo kila kitu kiliniingia kwa pamoja. Mama wa Dareda. Madebe mawili. Ua kifuani. Magunia sita. Ndugu zangu! Siku ya kuchangia! Mtanzania yupi akisoma maneno hayo, tena chini yake kuna mtu amevaa suti, atafikiria kutafsiri programu? Na sisi tulikaa tukapiga kura.

"Mzee," nikasema, "hakuna bibi harusi. Mchango huu ni wa kazi. Watu wanakaa pamoja, wanatafsiri maneno."

"Maneno."

"Ndiyo, mzee."

"Unawatoa watu mbali, wanaacha mavuno, wanakuja kukuletea maneno?"

"Ndiyo."

Akafikiri. "Na utawalisha nini?"

Kwenye mpango wetu wa siku ile tulikuwa tumeandika chai na maandazi.

"Basi ng'ombe mtamba anahitajika zaidi," akasema, akanyanyuka kwenda zizini. "Mwanangu haendi kwenye shughuli ya watu mikono mitupu."

Tulirudi na lori lililotoka mnadani, mimi, Gidamis na mtamba mwekundu ambaye hakunipenda. Alisimama juu ya begi langu toka Gehandu mpaka Haydom. Na sasa kwa kuwa nilijua, niliwasikia watu vizuri. Basotu bibi harusi alikuwa binti wa mwenye mashua. Haydom alikuwa muuguzi, na muuza karanga mmoja alisema anamjua, ni mpole sana. Nilijaribu kukanusha, wakaniambia ni kawaida bwana harusi kuogopa.

Nilichoogopa hasa ni Jumamosi. Watu wakijua hakuna harusi, watachukua mahindi yao na kuondoka kwa hasira, na kamati itaona ukumbi mtupu. Mwalimu Paskalina angepoteza ukumbi kwa sababu ya neno nililolipigia kura.

Maretadu tena

Ukumbi haukuwa mtupu. Ulikuwa umejaa mpaka kwenye madirisha. Mahindi, maharage, maboga, majogoo yamefungwa miguu yanalalamika, na mama yake Safari amekaa karibu na mlango na madebe matatu. Nje watu wamevaa nguo za kanisani. Mwalimu Paskalina alikuwa ndani, amejibana kati ya kompyuta na maharage, ananitazama kwa macho makavu.

"Tluway amemaliza kazi," akasema.

"Mwalimu, haya si ya Mzee Tluway. Ni michango."

"Michango gani?"

Simu ikaita. Kamati hiyo.

Mwenyekiti wa kamati ni dada mmoja anaitwa Mireya, yuko Amerika ya Kusini, mtu makini, hajawahi kuniandikia neno lisilo la lazima. Aliuliza kwa Kiingereza, mimi nikatafsiri kwa sauti ili wote wasikie. Aliwasalimia Mwalimu na Gidamis, kisha akasema: mara mbili zilizopita hamkuonyesha michango ya jamii. Mara hii ipo?

Nilimtazama Mwalimu. Kisha nikageuza simu polepole, nikapitisha kwenye magunia, majogoo, madebe ya mama yake Safari, na mlangoni, ambapo mtamba alikuwa ameingiza kichwa.

Nyuso za kamati ziliganda. Nikadhani mtandao umekata.

"Hivi vyote," akauliza Mireya, "vimeletwa na watu wa hapo? Kwa ajili ya mkutano huu?"

"Wameleta wenyewe," akajibu Mwalimu Paskalina, aliyeanza kuelewa. "Hakuna aliyelazimishwa."

"Na huyo ng'ombe?"

"Ametoka Hanang," akasema Gidamis. "Sehemu ya pili."

Mjumbe mwingine wa kamati akasema tangu aanze kujitolea hajaona kitu kama hiki. Mwingine akauliza, ukumbi ukiwa umejaa hivi watu watakaa wapi? Nikatafsiri. Mzee Tluway, ambaye hakuna aliyemwita kwenye mahojiano, akaingia, akachagua gunia la maharage, akakaa, akakunja mguu. Wazee wengine wakamfuata. Hilo likawa jibu, na kamati ikaidhinisha pale pale.

Tulipiga vigelegele. Na vigelegele vilipotulia, mama mmoja akauliza kutoka nje, "Haya, bibi harusi yuko wapi?"

Ilibidi niseme. Nilipanda juu ya gunia nikasema yote: neno, kura, picha, ua. Nikaomba radhi, nikasema kila mtu yuko huru kuchukua alicholeta. Nilipofika hapo nikaishia, maana niliona sura ya Mwalimu.

Hakuna aliyesogea. Mzee Tluway akakohoa.

"Mchango ukishaingia ndani hautoki kurudi nyumbani kwa mtu," akasema. "Ni aibu. Mimi sijawahi kuona, na sitaona leo. Shughuli itafanyika. Nauliza tu: nani hapa ana mchumba na hana harusi?"

Watu wakatazamana. Kisha mama yake Safari akaacha madebe yake, akamshika mwanawe shuka na kumsukuma mbele. Nyuma kwenye umati msichana mmoja akafunika uso kwa viganja, nikajua huyo ndiye Theodora. Kelele zilizopigwa hapo sijazisikia hata uwanjani.

"Kuna nini?" ikauliza simu mkononi mwangu. Nilikuwa nimesahau kuikata.

"Tunazungumzia sherehe ya jioni ya mkutano," nikasema. Mwongozo wetu unaruhusu kuwa na sherehe ya jioni baada ya mkutano.

"Itakuwa ya namna gani?"

"Harusi."

"Iko wazi kwa kila mtu?" akauliza Mireya, kwa sababu mwongozo unataka hivyo.

Nikatafsiri. Mzee Tluway akashangaa. "Kwani harusi huko kwao inafungwa mlango?"

Ikapita. Kwa hiyo harusi ya Safari na Theodora imeidhinishwa na kamati ya programu huria, bila pingamizi.

Watu walipoanza kutoka, Mzee Tluway alibaki. Akasimama mbele ya Mwalimu Paskalina, akatazama magunia yaliyofika dirishani, akavua kofia.

"Mwalimu, nilisema mahindi yatarudi ukumbini. Yamerudi."

"Nimeyaona," akasema Mwalimu.

Mzee alikuwa anahangaika na mkanda wake. Fundo lilikuwa la zamani, likamsumbua, mpaka Gidamis akatoa kisu. "Lakini ufunguo kaa nao wewe," akasema Mzee Tluway, akauweka mkononi mwa Mwalimu. "Na ukistaafu usiurudishe kwangu. Mpe unayemtaka."

Mwalimu Paskalina, yule wa maneno bila nukta, aliufunga ufunguo kwenye pembe ya khanga yake, akakaza kwa meno, kisha akalia waziwazi mbele ya majogoo na watu wote. Mimi nikakaa chini kwenye gunia nikalia naye, mtamba akaja akasimama karibu yangu, na hapo ndipo mtu akapiga hiyo picha. Machozi mnayoyaona ni ya kweli. Harusi ndiyo siyo yangu.